Atomi haichomeki: somo la kemia na lianzie Changamwe

Kuna swali niliulizwa darasani miaka kadhaa iliyopita, nami nikalijibu vibaya. Halijanitoka moyoni tangu siku hiyo, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Nilikuwa nafundisha kidato cha pili katika shule moja ya kutwa upande wa Changamwe. Mada ilikuwa muundo wa atomi. Nilikuwa nimekwisha kuchora ubaoni kiini na mizingo ya elektroni, na chini yake nimeandika, kama waandikavyo walimu wote wa kemia, kwamba mabadiliko ya kikemia hayaumbi atomi wala hayaiangamizi. Huipanga upya tu. Wanafunzi wakanakili. Ndipo kijana mmoja, aliyekuwa akija shuleni kwa miguu kutoka Mikindani, akainua mkono akasema: "Mwalimu, kule kwetu kiwanda cha betri kilifungwa zamani. Masika yamekuja na kwenda. Mbona bado twaambiwa udongo una sumu? Hiyo sumu haiishi?"

Nilimjibu kwamba hilo halimo katika silabasi ya kidato cha pili, na kwamba angoje afike mbele. Darasa likacheka kidogo, naye akaketi. Jibu alilolitaka lilikuwa pale pale ubaoni, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nami nilikuwa nimelikinga kwa mgongo.

Kwa msomaji asiyeijua habari yenyewe, mtaa wa Owino Uhuru uko Mikindani, katika eneo ambalo zamani lilihesabiwa chini ya Changamwe na ambalo tangu mwaka 2013 limo katika eneo bunge la Jomvu. Ni mtaa wa watu wapatao 3,000. Mwaka 2007 ulipata jirani mpya, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kuvuna risasi iliyomo ndani yake. Mwaka 2009 kiwanda hicho kilimwajiri Bi. Phyllis Omido, na haukupita muda mtoto wake mchanga akaugua maradhi ambayo hayakueleweka, hata damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi. Mama huyo hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Bi. Omido akatunukiwa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3; Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023; na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Sina nia ya kuirudia kesi hiyo. Majaji wamekwisha kusema. Ninachotaka kukisema ni kwamba kesi nzima, tangu tanuri la kwanza kuwashwa hadi hukumu ya mwisho kusomwa, ni somo la kemia la kidato cha pili, na kwamba sisi tuliokuwa tukilifundisha somo hilo kilomita chache kutoka hapo hatukulitambua.

Hebu tulitazame. Kila elementi hujulikana kwa idadi ya protoni zilizo katika kiini cha atomi yake. Kaboni ina 6, sodiamu 11, kalisi 20, dhahabu 79, risasi 82. Idadi hiyo ndiyo kitambulisho chake. Haibadiliki kwa moto, kwa maji, kwa asidi wala kwa kupita miaka. Zinazoshughulika pale vitu vinapoungua, vinaposhika kutu au kuchacha ni elektroni za mzingo wa nje tu. Kiini hakina habari. Wataalamu wa kale, wale ambao elimu yao ya alkimia ndiyo iliyozaa jina la somo letu, walimaliza umri wao wakipasha risasi moto ili iwe dhahabu. Walikuwa na ziada ya protoni tatu tu katika hesabu yao, lakini moto wa mkaa haufiki huko na hautafika.

Sasa chukua betri ya gari. Ndani yake mna risasi yenyewe, mna risasi iliyoungana na oksijeni, na mna risasi iliyoungana na salfeti kutokana na ile asidi. Ivunje, itupe tanurini. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo hata jiko la kawaida la mkaa hulipita. Ukizidisha moto, sehemu yake hupaa kama mvuke, hukutana na hewa, hugeuka vumbi laini la oksidi, na upepo hulichukua. Vumbi hilo hutua juu ya paa la mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya sufuria, juu ya mchanga anaouchezea mtoto. Mvua ikinyesha hulishusha kutoka paani hadi ardhini. Kampaundi imebadilika jina mara tatu au nne katika safari hiyo, lakini atomi ni ile ile yenye protoni 82. Masika huihamisha, hayaimalizi. Naam, kijana wangu, sumu hiyo haiishi. Inaweza kuzolewa pamoja na udongo, inaweza kufunikwa, inaweza kufungwa katika kampaundi isiyoyeyuka katika maji, kuisha haiishi. Ningetumia dakika tatu kumweleza haya.

Na kama ningekuwa na dakika tatu nyingine ningemweleza kwa nini inadhuru. Ioni ya risasi hubeba chaji chanya mbili, kama ioni ya kalisi. Mwili wa mtoto unahitaji kalisi kwa ajili ya mifupa na kwa ajili ya mishipa ya fahamu, na milango yake ya kupokea kalisi haina bawabu mwerevu. Risasi hubisha hodi ikiwa imevaa kanzu ya kalisi, nayo hufunguliwa. Huingia mifupani ikakaa miaka na miaka, huingia katika ubongo ambao bado unajengeka. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Hata neno lenyewe katika Kiswahili linatuonya: madini haya na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki vina jina moja, kwani hiki kilitengenezwa kwa kile.

Lililonichoma zaidi nililigundua baadaye, nikisahihisha karatasi za majaribio ya vitendo. Kila mtahiniwa wa kemia nchini hufundishwa jinsi ya kuitambua ioni ya risasi. Huongeza hidroksidi ya sodiamu, mashapo meupe yakatokea na kisha yakayeyuka anapozidisha. Hapo hajui bado kama ana alumini au risasi. Huongeza iodidi ya potasiamu, na kama ni risasi hutokea mashapo ya manjano yanayong'aa kama kiini cha yai. Ni mojawapo ya rangi nzuri kabisa katika maabara. Wanafunzi wangu waliipenda. Waliandika "manjano, risasi ipo", wakapewa alama zao, na baadhi yao jioni wakarudi kulala katika nyumba zilizopakana na ukuta wa kiwanda kile. Hakuna aliyeniuliza kama risasi ya kwenye mrija wa kioo ndiyo risasi ya kwenye damu ya jirani. Ajabu si wao kutouliza. Ajabu ni kwamba aliyeuliza alinyamazishwa.

Nionavyo mimi, kasoro yetu si uchache wa vifaa, ingawa vifaa ni vichache na sitaki kumfariji yeyote aliye na wajibu wa kuvinunua. Kasoro yetu ni kwamba tumeifanya kemia kuwa somo la mahali pengine. Mifano ya vitabu huwa ni ya viwanda vya ng'ambo na ya vyuma ambavyo mwanafunzi hatavitia machoni maishani, ilhali bara ya Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni hadi Changamwe, ni maabara ambayo mtu akitaka kuijenga kwa fedha asingeweza.

Tuanze Kisauni. Ardhi yetu pale ni mwamba wa matumbawe, yaani kaboneti ya kalisi iliyojengwa na viumbe wa baharini. Babu zetu waliyapanga matumbawe juu ya magogo, wakayachoma usiku kucha na mchana wake, wakapata chokaa. Moto ule, unapofika kiasi cha nyuzi 900, huifukuza hewa ya dioksidi ya kaboni, ikabaki oksidi ya kalisi. Mwaga maji juu yake, huchemka yenyewe bila ya jiko. Ipake ukutani, nayo huivuta tena ile dioksidi ya kaboni kutoka hewani, polepole, ikarudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa. Nyumba za mawe za pwani hii zilijengwa kwa duara hilo. Waliozijenga hawakuandika mlinganyo wowote, lakini walijua kwamba kitu kilichotoka kinaweza kurudi. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kilisimamishwa pale kwa sababu ya mwamba huo huo wa matumbawe. Mwalimu wa Kisauni anayefundisha mtengano wa kaboneti bila ya kulitaja tanuri la chokaa, yeye na wanafunzi wake wamekalia hazina wakiomba sarafu.

Halafu kuna maji. Mama yeyote wa Kisauni au Likoni anayefua kwa maji ya kisima atakwambia kwamba maji hayo yanakula sabuni. Hayatoi povu, na juu ya beseni hukusanyika utando mzito wa rangi ya kijivu. Wengi husema ni kwa sababu ya chumvi, na katika visima vilivyo karibu na bahari chumvi ipo kweli. Lakini mlaji mkuu wa sabuni ni kalisi iliyotoka katika mwamba. Ioni ya kalisi hukutana na sabuni, huungana nayo, na muungano huo hauyeyuki katika maji. Huo ndio ule utando. Hapa pana kifungo cha ioni kikionekana kwa macho, ndani ya beseni, siku ya kufua. Nimewahi kuwaagiza wanafunzi waje kila mmoja na chupa ya maji ya kwao, tukahesabu matone ya maji ya sabuni yanayohitajika hadi povu likae. Maji ya mvua yalihitaji matone machache mno. Ya kisima kimoja cha Mtopanga yalitushinda, tulichoka kuhesabu. Zoezi zima halikugharimu hata shilingi hamsini.

Nimesema "kifungo". Neno hili lina shida yake, nami sitajifanya kuwa haina. Kifungo ni cha shati, na kifungo ni cha jela. Lakini mwanafunzi si mjinga. Akielezwa kwamba atomi mbili zimefungana, ataelewa kuwa hazikupelekwa Shimo la Tewa. Sodiamu ina elektroni 11, zilizopangwa 2, 8 na 1. Klorini ina 17, zilizopangwa 2, 8 na 7. Huyu ana moja inayomsumbua, yule amepungukiwa na moja. Sodiamu hutoa, klorini hupokea, na kwa kuwa sasa mmoja ana chaji chanya na mwingine hasi, huvutana wakashikamana: ndiyo chumvi tuliyo nayo mezani, ile inayokaushwa kwa jua katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Kaboni haina tabia hiyo. Ina elektroni nne katika mzingo wa nje, nyingi mno za kutoa na chache mno za kutosheka, basi hushirikiana. Kila mmoja huweka elektroni moja katikati, na wote wawili huzitumia. Kwa nne zake kaboni inaweza kushikana mikono na jirani wanne kwa wakati mmoja, wakiwemo kaboni wenziwe, na kutokana na tabia hiyo moja yametokea karibu yote tunayoyala, tunayoyavaa na tunayoyachoma.

Hapo ndipo Changamwe inapoingia. Kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kukoma kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, kilikuwa, kwa lugha ya darasani, mashine ya kupanga minyororo ya kaboni kwa urefu. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa minyororo ya kila urefu. Mifupi huchemka upesi, mirefu huchelewa. Basi uyapashe moto, na kila urefu utajitenga mahali pake katika mnara. Yenye kaboni tatu au nne ndiyo gesi ya kupikia. Iliyorefuka kidogo ni petroli. Ikizidi ni mafuta ya taa, kisha dizeli, na mwishoni kabisa, mizito isiyotaka kupaa, ni lami ya barabarani. Vifungo ni vile vile katika yote, kaboni kwa kaboni na kaboni kwa haidrojeni. Kilichobadilika ni urefu tu. Ukiendelea kuurefusha mnyororo huo hadi kaboni maelfu kwa maelfu, unapata mfuko wa plastiki.

Kwa hakika mfuko hautengenezwi kwa kuunganisha lami. Hutengenezwa kwa ethini, molekuli ndogo yenye kaboni mbili zilizoshikana kwa vifungo viwili. Kifungo kimoja hufunguliwa, na mkono uliobaki wazi hushika molekuli ya pili, ya pili ikashika ya tatu, mithili ya watoto wanaoshikana mikono uwanjani. Hiyo ndiyo polima, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya sehemu nyingi. Politini ilipatikana kwa bahati mwaka 1933 huko Uingereza, pale Reginald Gibson na Eric Fawcett walipofungua chombo chao cha mgandamizo wakakuta kitu cheupe kama nta. Kabla ya hapo, Hermann Staudinger wa Ujerumani alikuwa amedai tangu mwaka 1920 kwamba molekuli kubwa mno za namna hii zipo, na wenzake wengi wakamkatalia. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953, akiwa mzee.

Mnamo Agosti 28, 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa nchini. Adhabu ilikuwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo (cha jela hiki) cha kati ya mwaka 1 na miaka 4. Niliiunga mkono sheria hiyo na ningali naiunga mkono. Mitaro ya Likoni ni shahidi wangu. Ila nasikitika kwamba nafasi ile ya kufundisha ilitupita. Kila mwanafunzi alijua kiasi cha faini. Wachache walijua kwa nini ganda la ndizi huoza katika majuma machache na mfuko hauozi: kwamba bakteria wa udongo wana vimeng'enya vya kukata minyororo ya wanga na ya selulosi, ambayo wameishi nayo tangu kale, lakini mnyororo mrefu wa kaboni tupu wa mwaka 1933 ni mgeni kwao, nao karibu unawashinda. Na matokeo ya kutojua ni haya: ile mifuko ya rangi iliyochukua nafasi ya iliyopigwa marufuku, ambayo wengi huiita ya kitambaa, kwa kawaida ni polipropini, binamu wa karibu wa politini. Nilipoligusisha sindano ya moto pindo la mfuko wa namna hiyo mbele ya darasa, ukayeyuka ukafanya tone, wasichana wawili walipiga kelele kana kwamba nimewafichulia siri ya ndoa.

Mama yangu alilijua jaribio hilo kabla yangu. Alipokuwa akinunua leso kwa mchuuzi asiyemwamini, alichomoa uzi mmoja pindoni akauwasha kwa kiberiti. Ukinuka kama karatasi ukaacha jivu, ni pamba. Ukijikunyata ukawa kijiwe cheusi, si pamba, hata mchuuzi aape vipi. Pamba ni selulosi, polima iliyotengenezwa na mmea. Ule mwingine ni poliesta, polima ya kiwandani. Mama hakuingia maabara siku moja ya maisha yake.

Mafundi wetu nao wanajua mengi. Fundi anayeziba mitungi ya maji kwa kisu cha moto kule Likoni anajua kwamba mtungi unayeyuka na kushikana upya, na anajua kwamba mshikio mweusi wa sufuria hauzibiki kwa kisu hicho, huungua tu. Anajua pia kwamba akala iliyokatwa kutoka gurudumu la lori haiyeyuki. Asichokijua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, ni sababu: katika mtungi minyororo imelala bega kwa bega bila ya kufungana, na joto huiachanisha, katika mshikio na katika gurudumu minyororo imefungwa mmoja kwa mwingine, gurudumu kwa salfa, hata ikawa kama wavu mmoja, na wavu huwezi kuuyeyusha bila ya kuukata. Tofauti hii ndiyo inayoamua ni taka zipi zinaweza kuyeyushwa zikafanywa kitu kingine. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, kiasi cha tani 10, na kupambwa kwa kandambili 30,000, lilisafiri hadi Unguja mwaka 2019. Mbao zake zilipatikana kwa kuyeyusha minyororo ya namna ile ya mtungi. Nakiri kwamba nilipoiona picha yake mara ya kwanza nilidhani ni mchezo wa watalii. Nilikosea, ni somo zima la polima lenye tanga.

Kuna watakaosema: haya yote ni mazuri, lakini mtihani huandikwa kwa Kiingereza, nawe unaeleza kwa Kiswahili. Hoja hii naiheshimu kwa kuwa nami niliishi chini yake. Nimeona shule ambako mtoto aliyeteleza akasema neno la Kiswahili alivishwa kibao shingoni hadi amnase mwenzake. Matokeo yake ni mwanafunzi anayeweza kutamka kwa Kiingereza fasaha kwamba atomi haiangamizwi, na ambaye hajui kwamba amesema jambo lolote kuhusu Mikindani. Kijana wangu aliuliza swali lake kwa Kiswahili, na naamini hiyo ni sehemu ya sababu iliyonifanya nilione kuwa si swali la kemia. Laiti angeliuliza kwa maneno ya kitabu, ningelijibu kwa heshima zote.

Wala tusisingizie uhaba wa istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Sisemi mtihani ugeuzwe kesho. Mzazi ana haki ya kuogopa mageuzi yanayofanywa kwa pupa juu ya mgongo wa mwanawe, na katika miaka hii ya kubadilisha mitaala tumeyaona ya kutosha. Nasema mwalimu aachwe aeleze kwa lugha inayoeleweka, kisha amvushe mwanafunzi hadi kwenye istilahi za mtihani, wala asionekane kuwa amekosa adabu ya taaluma. Wanafunzi, nanyi msingoje ruhusa. Mkisoma kwamba kaboneti hutoa hewa inapokutana na asidi, chukueni kome na siki mtazame.

Mimi nimeanza kuyafanya haya nikiwa nimechelewa. Muhula uliopita tulikuwa na kome, siki, maji ya visima vitano, uzi wa leso na kipande cha akala. Tulipomaliza, msichana mmoja wa Jomvu alibaki nyuma akipangusa meza. Aliniuliza kama mchanga wa uwanja wanaochezea ndugu zake unaweza kupimwa risasi kwa iodidi yetu ya potasiamu. Nilimwambia kwamba hapana: rangi ya manjano hujitokeza pale risasi inapokuwa nyingi na imeyeyuka katika maji, ilhali ile ya udongoni huweza kuwa kidogo mno kwa macho yetu na bado ikawa nyingi mno kwa mtoto. Inahitaji mashine, na mtu aliyefunzwa kuitumia.

"Na mashine hiyo," akasema, "iko wapi, mwalimu? Na mtu wa kawaida akienda na mchanga wake, atapimiwa?"

Safari hii sikusema kwamba halimo katika silabasi. Nilimwambia nitauliza, nami nauliza hapa, kwa wakubwa wa afya na wa mazingira katika Kaunti ya Mombasa: iko wapi, na atapimiwa? Jibu likija nitalisoma darasani, Kiswahili kwanza.